Nyang'hwale, Tlawi, Githurai: haya majina wenyeji wanayatamkaje?

SautiYaNjiani aliuliza:

Wakuu, habari zenu.

Tunarekodi sauti za kutaja vituo ndani ya mabasi ya masafa marefu. Njia za kuanzia ni Dodoma–Babati–Karatu na Shinyanga–Mwanza–Geita, halafu tutaongeza upande wa Kenya. Programu ya kusoma maandishi imegonga mwamba. K/Koo inaisoma "K mkwaju Koo", G/Mboto vivyo hivyo, na ikifika Nyang'hwale inataja herufi mojamoja. Kwa hiyo atasoma binadamu, ila msomaji mwenyewe ni mtu wa Dar na majina mengi hajawahi kuyasikia.

Naomba mnisaidie haya:

1. Ng' na ng: jina likiandikwa bila alama, nitajuaje ni ipi?
2. Ile h inayofuata n, m au ng' (Mwanhuzi, Mhunze, Ng'hong'honha) inasomwaje?
3. Tlawi, Qash, Masqaroda. Mdomo unaanzia wapi?
4. Majina ya Kenya kama Githurai na Ruiru: kuna wanaosema yanavyoandikwa siyo yanavyotamkwa. Kweli?
5. Mwenyeji akitamka hivi na kibao cha barabarani kikasema vile, nirekodi kipi?

Sihitaji historia ndefu. Nataka nimpe msomaji karatasi asome asichekwe.

---

Ritifaa alijibu:

Nichukue la kwanza.

Ng ya ngoma ina g ndani yake, ng' ya ng'ombe haina. Hilo kila mtu alifundishwa shuleni. Tabu ni kwamba ritifaa (hiyo alama ') ndiyo ya kwanza kupotea jina linapohamia kwenye kompyuta, kibao au risiti. Utakuta Changombe, Muranga, Mangola. Sahihi ni Chang'ombe (Dar ipo, Dodoma ipo), Murang'a, Mang'ola ya Karatu, Ng'ambo ya Unguja. Kinyume chake, Tanga, Shinyanga, Igunga na Kongwa zina g kamili. Tahajia iliyokwisha kupoteza alama haiwezi kukurudishia jibu, na kanuni ya kubahatisha haipo. Jina lolote lenye "ng" ambalo huna hakika nalo liwekee alama ya kuuliza, umpigie mtu wa huko.

Kuna kundi ambalo hata wazoefu huteleza: ng ya mwisho wa neno. Hanang na Ngong. Kiswahili hakina mazoea ya kumaliza neno kwa konsonanti, kwa hiyo mdomo hutafuta pa kuegemea na utasikia "Hanangi" au "Hanangu". Mwisho pale ni ng' tupu: nyuma ya ulimi imegusa kaakaa laini, hewa inatoka puani, basi. Wengi huandika Hanang' kwa sababu hiyo. Ngong ni ng' mwanzo na mwisho.

Mambo ya faili sasa. Kibodi za simu huweka ritifaa zilizopinda, nyingine hugeukia kushoto, nyingine kulia, na kuna wanaotumia ile alama iliyo juu kushoto kwenye kibodi ya kompyuta. Kwa jicho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi nne tofauti, na Murang'a moja haitapatana na nyingine. Chagua iliyonyooka, badilisha zote, halafu weka safu ya pili ya kutafutia isiyo na ritifaa kabisa.

Mkikata sauti vipandevipande ili muziunganishe baadaye, kata kwenye silabi. Mu-ra-ng'a. Ukikata Mu-rang'-a, mkato utasikika.

Kuhusu silabi, m iliyotangulia konsonanti huwa silabi peke yake katika Mtwara (m-TWA-ra), Mlowo (m-LO-wo), Mpwapwa (m-PWA-pwa). Mbeya na Nzega ni silabi mbili tu: MBE-ya, NZE-ga. Msomaji asichomeke u: "Mutwara" na "Mulowo" zinamtambulisha mara moja kuwa mgeni. Mkazo ni silabi ya pili kutoka mwisho. Jina la maneno mawili au matatu kila neno hubaki na mkazo wake, kwa hiyo Mbezi kwa Msuguri isisomwe kwa pumzi moja kama jina la dawa.

K/Koo na G/Mboto ni ufupisho wa mchora vibao. Andika Kariakoo na Gongo la Mboto.

---

Ngosha_wa_Maswa alijibu:

La pili ni letu Wasukuma.

Hiyo h haisomwi baada ya n. Husomwa pamoja nayo. Watu hukata "Mwan-huzi" kana kwamba ni Mwana na Huzi, hapo wameshapotea. Mwanhuzi, makao makuu ya Meatu, ni mwa-NHU-zi. Mhunze ya Kishapu ni silabi mbili, MHU-nze, na si "Muhunze". Nyang'hwale ya Geita ni nya-NG'HWA-le.

Namna ya kuitoa:

Weka ulimi mahali pa n, mdomo ukiwa umefungwa na ulimi. Usitoe sauti bado. Pumulia puani kama mtu anayesafisha pua taratibu. Katikati ya pumzi hiyo achia ulimi na uingie kwenye irabu. Sauti ya koo inaanza pale irabu inapoanza, au nywele moja kabla yake. Kwa mh fanya hivyohivyo midomo ikiwa imefungwa, kwa ng'h nyuma ya ulimi ikiwa imegusa juu.

Kupima: shika kidole kooni. Ukisema "na", koo linatetemeka tangu mwanzo. Ukisema "nha" sawasawa, mwanzo umetulia. Kipimo kingine ni kioo kidogo chini ya pua. Kwenye nha kinapata ukungu mzito.

Makosa ni matatu na yanajirudia. Kuitupa h (Mwanuzi, Nyang'wale): hili ndilo dogo, mwenyeji atakuelewa. Kuigeuza h kuwa silabi (Nyangahwale): hapo wanacheka. La tatu ni kuweka g, "Nyang-ghwale", na husababishwa na ritifaa iliyopotea ambayo mwenzangu ameshaieleza.

Sauti hizi zina ukoo. Nh ni nt ya zamani, mh ni mp, ng'h ni nk. Ukilijua hilo huoni ajabu neno kama mhuli, yaani tembo.

La ziada ambalo hukuuliza na utalihitaji: kwenye ramani utaona vijiji vingi vinavyoanza na Mwa-. Mdomoni ni Ng'wa-. Kisukuma cha "mwana" ni ng'wana, ndiyo maana yule Ng'wanamalundi wa masimulizi vitabu vingine vinamwandika Mwanamalundi. Mwanza yenyewe mzee wa kijijini huitamka Ng'wanza. Usirekodi Ng'wanza lakini, abiria wote wanajua Mwanza. Nakuambia ili ukimpigia mtu akakutamkia hivyo usidhani simu inakatika.

Hungumalwa, barabara ya Shinyanga–Mwanza: utaikuta pia imeandikwa Ng'hungumalwa. Ni mahali palepale. Tahajia moja imeitupa pua, nyingine imeitunza.

---

Makutupora alijibu:

Naongezea kwa Dodoma, maana Kigogo nacho kina sauti hizohizo za puani.

Ng'hong'honha ni mtihani wa mwisho kwa sababu zimo tatu: ng'h, tena ng'h, halafu nh. ng'ho-NG'HO-nha. Utaikuta imeandikwa Ng'hong'onha, Ng'ong'ona, na nyingine zisizo na mpangilio. Mfanyie msomaji mazoezi kwa kutoka nyuma: kwanza "nha" peke yake mara tano, kisha "ng'honha", kisha jina zima. Akianza mbele ataishiwa pumzi kabla ya silabi ya mwisho, maana kila moja ya sauti hizi inakula hewa. Apumue kabla ya jina.

Mpwapwa kwa Wagogo ni Mhamvwa. Tazama mh hapo mwanzoni imegeuka mp mdomoni mwa wageni. Kwa tangazo la basi ni Mpwapwa, hakuna mjadala.

Ntyuka: n-TYU-ka. Isiwe "Nituka". Nkuhungu: h ya hapo ni h ya kawaida, iko katikati ya irabu, msomaji asianze kupuliza pua kila akiona h.

---

Irqwa alijibu:

Nimesubiri mtu afike kwenye tl.

Kiiraqw si Kibantu, kwa hiyo usitafute ulinganifu na Kiswahili. Ila kwa bahati nzuri, msomaji wako akiwa amepita madrasa ana robo tatu ya sauti hizi tayari.

Q ya Qash (Babati), Qurus (Karatu) na Masqaroda (Mbulu): ni pale inapotoka qaf ya msomaji wa Kurani, nyuma kabisa karibu na kimio, mbali na k ya "kaka". Tofauti yake na qaf ni kwamba koo linafungwa kwa wakati mmoja, ndipo ulimi unaachia, na sauti inapasuka kavu bila pumzi. Kama unafungua chupa. Asiyeweza aseme k, lakini aisogeze nyuma kadiri anavyoweza. Afadhali k kuliko "kwa": kuna wanaosoma "Kwash" kwa sababu ya mazoea ya q ya Kiingereza, na huko ni kuongeza herufi ambayo haipo.

Hh ya Slahhamo ni ha nzito ya Ahmad na Muhammad inavyosomwa na aliyesoma tajwidi. Inabanwa kooni. X, ukiiona popote, ni kha ya "kheri".

Sl si s ikifuatwa na l. Weka ulimi kwenye l, uutulize hapo, halafu pitisha hewa pembeni bila sauti ya koo. Ndiyo hl ya Wazulu. "Silahamo" ni kosa la kawaida, hata kwenye orodha za mashamba utaikuta Slahamo yenye h moja.

Sasa tl, kwa mfano Tlawi ya Mbulu:

Ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, kama t. Bana koo, kama unapotaka kunyanyua mzigo mzito. Usitoe pumzi. Achia kingo za ulimi pembeni huku ncha ikibaki pale pale, halafu ndipo ncha iachie na uingie kwenye a. Ni mlio mmoja mkali, TLA-wi. Kama jirani akisikia t kisha l, umefanya mbili. Kosa kubwa ni kuchomeka irabu: "Talawi", "Tilawi". Mtu wa Mbulu akisikia Talawi atafikiri ni kituo kingine, na kwenye basi usiku hilo si jambo la kuchekesha.

Kwa msomaji asiyeweza kabisa, aseme t na l kwa kasi bila chochote katikati, mkazo kwenye a. Inapita.

Konsonanti za mwisho wa jina. Huko kwetu ziko nyingi: Katesh, Dongobesh, Qash, Haydom, Bashnet. Zisomwe zikome hapo hapo. "Kateshi" na "Dongobeshi" utazisikia kwa makondakta, kwa hiyo si kwamba hazieleweki, lakini mwenyeji hasemi hivyo. Mbinu ya kumsaidia msomaji: amalizie jina kisha afunge mdomo na ahesabu moja kimoyomoyo kabla ya neno linalofuata. Irabu ya ziada huingia pale anapokimbilia neno la pili. "Katesh. Kituo kinachofuata..." Pasipo nukta hiyo atasema "Kateshi kituo".

Balangdalalu ya Hanang ni jina la Kidatoga, ba-lang'-da-LA-lu. Ng' na d zimekaa pamoja bila irabu. Imeandikwa pia Balangidalalu, na hapo ndipo unaona karani alivyoshindwa kuvumilia.

Na ukiona mkwaju katikati ya neno la Kiiraqw, kama Da/aw, usidhani ni kosa la chapa wala si ufupisho kama K/Koo. Ni herufi, ndiyo ain ya Kiarabu.

---

BarabaraYaThika alijibu:

Ndugu zangu wa Tanzania, swali la nne niachieni.

Ndiyo, ni kweli. Majina ya Kikuyu yameandikwa kwa herufi ambazo zimevuliwa kofia. Kikuyu kina irabu saba: a, e, i, ĩ, o, u, ũ. Vibao vya barabarani havina ĩ wala ũ, ni i na u tupu. Kwa hiyo Githurai kwa maandishi kamili ni Gĩthũrai, Ruiru ni Rũirũ, Kiambu ni Kĩambu, Murang'a ni Mũrang'a, Githunguri ni Gĩthũngũri.

Ĩ iko katikati ya i na e. Anza na i, teremsha taya kidogo sana, usifike e ya "embe". Ũ ni hivyohivyo kati ya u na o. Sikio la Mswahili huisikia kama e na o, ndiyo maana mtu huandika "Gethorai" na "Roiro" anapoiga. Tazama Rũirũ: i ya katikati haina kofia, ni i kamili. Maandishi ya kibao hayawezi kukuambia ipi ni ipi.

Jina la nchi yenyewe lina alama ya jambo hili. Mlima kwa Kikuyu ni Kĩrĩnyaga. Mmishonari Krapf, aliyeuona mlima kutoka Kitui mwaka 1849, aliandika Kenia kwa e, huenda kwa sababu ndivyo alivyolisikia jina kwa Wakamba. Halafu Waingereza kwa miaka mingi wakaisoma "Kiinya". Mzunguko huo unaonesha irabu moja inavyoweza kusumbua.

Konsonanti nazo: th ni dh ya "dhahabu", kamwe si th ya "thelathini". Thika, Othaya, Githurai, hata Athi na Kithimani za Ukambani, na Tharaka Nithi. G bila n mbele ni gh laini ya "ghali". C ni sh. Kwa hiyo Gĩthũrai kamili ni karibu na "Ghedhorai", irabu zikiwa zimebanwa.

Lakini usirekodi hivyo! Nairobi ni mji wa kila mtu. Mluo na Msomali wanaoshuka Githurai wanasema Githurai kama ilivyoandikwa, na th ya "thelathini". Ukimpa abiria "Ghedhorai" kwenye kipaza sauti atadhani unaigiza. Jambo ambalo halina msamaha ni ng' ya Murang'a. Hiyo kila Mkenya anaitamka sawa, mwenye Kikuyu na asiyekuwa nacho.

Githurai 44 na Githurai 45: namba ni za njia za basi, na zinasomwa kwa Kiingereza, "foti-foo" na "foti-faivu". Ukisema "arobaini na nne" umepeleka watu kwenye hesabu.

Majina mengine ya Nairobi yaliyogeuzwa na midomo. Eastleigh inasemwa Isili, i ya kwanza ikivutwa kidogo. Burma, lile soko, ni Bama. Kariokor ni ndugu wa Kariakoo yenu, zote mbili zimetoka kwa kikosi cha wapagazi wa Waingereza cha Vita ya Kwanza, ila maandishi yakaachana. Inasomwa karibu na yenu, r ya mwisho haisikiki. Thogoto, karibu na Kikuyu mjini, ni jina la Waskoti wa misheni likiwa limevaa nguo za Kikuyu, na th yake ni dh.

Magharibi kwa haraka: Khwisero, Khayega na Navakholo zina kha ya kweli ya Kiluhya, si "Kwisero". Ng'iya na Nyang'oma za Siaya ni ng' ya ng'ombe. Kwa Wakalenjin, Kapsabet na Kabarnet zinaanza na kiambishi kimoja, "kwa" au "nyumbani kwa". Lugha yao haitofautishi p na b, ni mwandishi aliyechagua. Kabarnet ni kwa Barnett, mmishonari. T ya mwisho isipewe irabu, wala ya Eldoret. Kondakta ataiita Eldoret "Sisibo", yaani 64, lakini hilo ni la mtaani.

---

MwanaWaLikoni alijibu:

Kwa Pwani sina mengi, ila msituachie "Savo".

Tsavo ina ts, sauti moja, t na s zikiachiwa pamoja. TSA-vo. Wanaodondosha t wameiga wasomaji wa Kiingereza. Ts hiyohiyo iko Tsunza na Matsangoni. Pacha wake ni dz: Dzombo, Dzitsoni. Ulimi uanze d umalizie z bila kupumzika. Asiyezoea husema "Jombo" na "Chunza". Jombo mtaikuta hata kwenye ramani za wanajiolojia wa zamani, kilima ni kilekile cha Kwale. Ila msiichanganye na Jomvu ya Mombasa, ile ni j halisi.

Lamu wenyewe husema Amu, na watu wake Waamu. Makunduchi kwa wenyeji ni Kae, ndiyo maana lahaja yao ni Kikae. Haya ni ya kujua, siyo ya kutangazia.

---

SautiYaNjiani aliandika:

Nashukuru sana, wakuu. Limebaki la tano. Ngosha anasema nisirekodi Ng'wanza, BarabaraYaThika anasema nisirekodi Ghedhorai, lakini Irqwa anataka Tlawi iwe Tlawi kweli. Mstari uko wapi? Na wale wa kuwapigia simu niwaulizeje?

---

Ritifaa alijibu:

Mstari ni abiria. Jina ambalo kila mtu wa njia ile analisema kwa namna moja, hata asiye mwenyeji, lifuate hilo: Mwanza, Mpwapwa, Githurai, Iringa. Iringa kwa Mhehe ni Lilinga, ngome, na Rungwe kwa Mnyakyusa ina l. Hakuna anayedai turudi huko. Kituo kidogo ambacho wanaoshuka ni wenyeji peke yao, tamka kama wao kwa sababu hao ndio wanaosikiliza.

Kuhusu kuuliza, hapa ndipo kazi huharibika. Usimwoneshe mtu jina limeandikwa. Ukimpa karatasi atasoma tahajia, hata kama maisha yake yote hulitamka vingine. Uliza "Ukitoka Babati kwenda Mbulu mnapita vituo gani?" na umwache aseme. Jina likija ndani ya sentensi linakuja na mkazo wake. Kisha mwombe alirudie mara tatu. Ya kwanza huwa ya haraka, ya tatu huwa imeshapambwa, kwa hiyo chukua ya pili. Uliza watu watatu wasiojuana: mzee, kondakta wa njia ile, na mwalimu wa shule ya hapo. Mwalimu ndiye huvutwa zaidi na tahajia, kwa hiyo wawili wakipatana dhidi yake, fuata wawili.

Karatasi ya msomaji iwe na safu tatu. Jina la kibao, jina lililokatwa silabi na mkazo kwa herufi kubwa (mwa-NHU-zi), na neno la Kiswahili la kuanzia sauti ngumu (th = dhahabu, q = qaf). Alama za kitaalamu za wanaisimu achana nazo. Msomaji ataziangalia kama hesabu na kuishia kubahatisha.

---

Ngosha_wa_Maswa alijibu:

Nakubali isipokuwa kwa Nyang'hwale. Hiyo ni wilaya nzima, na wanaotoka Geita mjini ambao si Wasukuma husema Nyang'wale, bila pumzi. Kwa kanuni yako ingebidi urekodi hiyo. Mimi ningeweka pumzi, kwa kuwa anayesema Nyang'wale hatashindwa kuielewa Nyang'hwale, ila anayezoea Nyang'hwale akisikia "Nyangwale" ya g anabaki akijiuliza.

---

Irqwa alijibu:

Hata mimi naona hivyo. Na kwa simu mjihadhari: simu hula pumzi na milio mikali, kwa hiyo nh na n kwenye spika ya simu zinafanana, tl inasikika kama k. Mwombe mwenyeji ajirekodi kwenye simu yake na atume faili. Anayerekodi asiweke mdomo mbele ya kipaza sauti moja kwa moja, akisogeze pembeni kidogo, maana q na tl zikipiga pale hutoa pwaa inayofunika irabu.

---

MpakaniRusumo alijibu:

Mkifika njia ya Kigali nikumbukeni. C ya Kinyarwanda ni ch: Kicukiro ni ki-chu-KI-ro, si "Kikukiro". Cyangugu huanza kama Cha-, ulimi ukiwa umelazwa zaidi kwenye kaakaa gumu. Na Rwanda yenyewe wenyeji huitamka ikiwa na g ndogo baada ya r, kama Rgwanda, lakini kwa Kiswahili iacheni Rwanda.